Acheni kumwita Mako "yule mzee Mchina"!

Wakuu, salaam. Mods, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa muvi za Kichina, maana hilo ndilo linalonichefua.

Jana jioni nimepeleka flashi kwa dogo anayetuingizia muvi hapa mtaani. Nikamwambia niwekee zile mbili za Conan, za Arnold. Akazipata, akaiwasha ya kwanza tuone kama picha ni safi. Ile sauti ya msimulizi ikaanza kukwaruza, utadhani mtu kameza changarawe. Dogo akacheka: "Aah, si yule mzee Mchina, yule mchawi!" Na vijana watatu waliokaa kwenye benchi nao wakaitikia, eeh, Mchina yule.

Sio Mchina! Anaitwa Mako. Jina kamili Makoto Iwamatsu, mwigizaji, Mjapani, mzaliwa wa Kobe 1933, raia wa Marekani tangu 1956. Na kabla hamjaanza "mkuu, ni muvi tu hizo", subirini. Dogo sina ugomvi naye. Kafundishwa hivyo na Hollywood, na hao ndio nimekuja kuwasema.

Baba na mama yake walikuwa wachoraji. Waliupinga ubabe wa jeshi la Japani mpaka wakatupwa jela. 1939 wakaenda Marekani, mtoto wakamwacha Kobe kwa babu na bibi. Vita Kuu ya Pili yote imempitia akiwa kule, huku wazazi wake wako ng'ambo upande wa adui. Amewafuata 1949, ana miaka 15. Baadaye kavaa gwanda la jeshi la Marekani, kalivua, kaenda kusomea uigizaji Pasadena Playhouse, California. Haya, mtu mwenye maisha hayo anakuja kuomba kazi, unampa nini? Wakampa askari wa Kijapani wa kuchekwa kwenye McHale's Navy, ile tamthilia ya vichekesho ya TV, na sio mara moja. Uzeeni, 2001, kwenye muvi ya Pearl Harbor, wakamvika sare ya Admirali Yamamoto, mkuu wa majeshi ya majini ya Japani wakati wa vita. Mtoto wa watu waliofungwa kwa kulikataa jeshi lilelile!

Mnaosema labda uwezo ulikuwa mdogo, katafuteni The Sand Pebbles ya 1966. Meli ya kivita ya Wamarekani iko mtoni China, mwaka 1926. Mako ni Po-Han, kibarua wa chumba cha injini. Steve McQueen anamfundisha mvuke unatoka wapi na unaenda wapi. Mtazameni usoni pale linapoanza kumwingia. Kiingereza kakipewa cha kuokoteza, ndivyo alivyoandikiwa, lakini macho yanafanya kazi ambayo maneno yamenyimwa. Baadaye Po-Han anakamatwa nchi kavu, anateswa wenzake wakiwa wanamwona toka melini, anapiga kelele auawe tu apumzike. McQueen anachukua bunduki. Mimi hapo huwa natoka nje, nasingizia simu.

Akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Ikaenda kwa Walter Matthau. Sawa, Matthau alikuwa mkali, sibishi. Ninachouliza ni baada ya hapo. Wenzake wakishateuliwa, kazi kubwa zinawafuata nyumbani. Yeye kwenye M*A*S*H, tamthilia ya TV ya hospitali ya jeshi la Marekani kwenye vita ya Korea, kaitwa mara nne, kila mara mtu mwingine: mara daktari wa Kichina, mara ofisa wa Korea Kusini, mara askari wa Korea Kaskazini. Sura moja, pasipoti tatu. Halafu tunamshangaa dogo wa flashi akichanganya?

Na sio kwamba mzee alikaa kimya akingojea hisani. 1965, hata Po-Han hajulikani, yeye na wenzake, akiwemo James Hong (yule bata baba yake Po kwenye Kung Fu Panda), walianzisha East West Players, kundi la maigizo la Wamarekani wenye asili ya Asia, huko Los Angeles, wakaanzia chini ya kanisa. Kaiongoza mpaka 1989. 1981 msimu mzima kauweka kwenye michezo ya Wajapani wa Marekani waliofungiwa makambini wakati wa vita, watu kama 120,000. Na 1976 alikuwa Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, kwenye mchezo wa Pacific Overtures, akateuliwa kuwania Tony, ile tuzo ya maigizo ya jukwaani. Jukwaani walimwona. Kwenye kamera, rudi ukavae joho la kiganga.

Kinachoniuma kuliko vyote ni katuni. Aku wa Samurai Jack ni yeye. Mjomba Iroh wa Avatar ni yeye, yule mzee wa chai anayempandia mlima mwanawe aliyekufa vitani na kulia chini ya mti. Kipande kile wamekiandika kabisa kuwa ni kwa heshima ya Mako, kwa sababu kilipotoka alishafariki, 21 Julai 2006, na msimu wa tatu ikabidi Greg Baldwin aendeleze sauti. Yaani mzee mwenye busara, utani na majonzi yake mwenyewe, alikuja kupewa siku ambayo uso haukuhitajika.

Dogo nimemwandikia jina kwenye karatasi, kalibandika ukutani karibu na bei. Leo nimepita, chini yake kaongeza kwa kalamu yake: MUVI ZA MAKO ZIPO. Muongo, ana hizo mbili za Conan tu. Mwenye The Sand Pebbles iliyo safi anicheki, nina flashi ya GB 32 iko tupu.