Kitufe cha Tendua (Undo) kwenye fomu ya mizani: kirudishe nini hasa?

Igoma_Kodi: Wakuu, nawaletea ugomvi wa kazini. Tunatengeneza fomu ya kupokea sangara hapa Kirumba, Mwanza: kuna mtumbwi, ndani yake makreti, ndani ya kreti kilo. Mwenzangu anataka Tendua irudishe nyuma ukurasa mzima. Mimi nasema irudishe kreti lililo mbele ya karani tu. Jana karani alirekebisha 84 kuwa 48 kwenye kreti la tatu, akafungua mtumbwi mwingine, akabonyeza Tendua. Ile 84 ikarudi kimyakimya kwenye mtumbwi asiouona.

Kobe wa Mkuyuni: Ukurasa mzima. Marundo mawili tu, yaliyopita na yajayo, na picha ya steti yote, yaani data yote ya fomu, kila badiliko. Mtu akirudi nyuma halafu akaandika kitu kipya, rundo la yajayo unalimwaga. Kazi ya nusu siku. Tena makarani wa pale ukiwapa Tendua ya kila kreti, kilo zitapungua kama dagaa wa kuanika.

BintiKirumba: Makarani wamefanyaje? Mama yangu kashika daftari la mizani soko la samaki la Mwaloni miaka 19. Na dagaa anapungua kwa jua, kaka, si kwa karani.

Kobe wa Mkuyuni: Sijamtaja mama yako dada. Nimesema makarani.

BintiKirumba: Mama ni karani. Jumlisha mwenyewe.

Fundi Nyakato: Kobe, hizo picha zako umenakili mpaka ndani? Kwenye JavaScript, lugha ya programu, ukinakili tabaka la juu tu, makreti ya ndani ni yaleyale. Ukibadili kilo leo, na historia imebadilika. Unatendua, unabaki palepale. Nilikesha nalo siku mbili. Nikapitisha kwenye JSON, yaani data kuwa maandishi kisha kuirudisha, tarehe zote zikabaki maandishi. Siku hizi natumia Immer, maktaba ya JavaScript, inakupa kilichobadilika pamoja na njia ya kukirudisha.

Kobe wa Mkuyuni: JSON inatosha. Tarehe si unazigeuza tena mwenyewe.

Igoma_Kodi: Jamani, kreti au ukurasa?

Mtu wa Busisi: Kwenye daftari hakuna Tendua. Unapiga mstari mmoja, unaandika juu, unasaini. Kosa linasomeka. Hiyo yenu inafuta au inaandika?

BintiKirumba: Ndivyo alivyofanya mama. Kobe, soma.

Kobe wa Mkuyuni: Nimesoma. Kumbe naye alikuwa anakosea.

BintiKirumba: Kwa wino, mbele ya mvuvi. Wewe unakosea ukiwa umejificha kwenye gamba.

Fundi Nyakato: Kabla ya Hifadhi ni rasimu, ifute itakavyo. Baada ya Hifadhi, mstari mpya.

Igoma_Kodi: Sawa, na mtumbwi asiouona?

Mbeba Makreti: Kwanza mizani yenyewe. Ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu?

Igoma_Kodi: Stika ipo. Imelowa, mwaka hausomeki.

BintiKirumba: Haya Kobe, hapo nako ni karani?