Nimehamia Mutukula, kebo haijafika. Nichukue dishi gani?

MpyaMpakani:
Wakuu, habari za jioni. Nimehama Kampala, sasa nipo Mutukula, upande wetu wa Uganda. Kule Ntinda nilizoea kebo ya faiba: televisheni na intaneti bili moja, maisha yanasonga. Huku nimeulizia kebo, mtu akanicheka hadharani.

Sasa kichwa kinauma. Huyu ananiambia DStv, yule GOtv, mwingine StarTimes, na majirani wengi wamefunga Azam kwa ajili ya Simba na Yanga. Nataka kitu ambacho hakigandi mpira ukinoga. Mke wangu yeye ni tamthilia tu. Bei isiwe ya kunyonga. Naombeni ushauri mapema, wikendi hiyo inaingia.

Mama Shamim:
Kwani televisheni ni lazima, mwanangu? Sisi yetu tuliifunika kitambaa tangu binti alipoingia Senior One. Mwanzo nyumba nzima ilinuna, na baba yao alinuna kuliko wote. Sasa jioni watu wanaongea. Nunua redio.

FundiDishi:
Mama, ameuliza dishi.

Kaka, kwanza amua antena au dishi. GOtv ni antena, lazima mnara ukufikie. StarTimes wana antena na wana dishi. DStv ni dishi, na hao Azam wa majirani zako ni dishi. Kabla hujatoa hela ya antena, tembea mtaani uangalie mapaa. Ukiona antena nyingi zimeelekea upande mmoja na wenyewe hawalalamiki, mawimbi yapo. Ukiona zimepachikwa kwenye miti mirefu na kufungwa waya, ujue watu wanateseka.

Sasa nijibu: mnaangalia watu wangapi, skrini ukubwa gani, umeme wa laini au sola?

MpyaMpakani:
Watu wa kawaida tu. Umeme wa laini upo, na jenereta ndogo ipo. Skrini ni projekta.

Omwana wa Kyotera:
Projekta sebuleni? Hao watu wa kawaida ni wangapi, ssebo?

MpyaMpakani:
Inategemea. Wikendi wageni huwa wengi.

Omwana wa Kyotera:
Na hao wageni wanalipia mlangoni?

Bundi la Data:
Achana na madishi, piga intaneti. Simu yako, waya mmoja kwenda kwenye projekta, kazi imeisha.

FundiDishi:
Wee, picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Na bando tunakatwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Mechi mbili za Jumamosi na mtaji umekwenda.

MpyaMpakani:
Sawa. Ni kibanda cha kuonyeshea mpira. Sikusema mwanzo kwa sababu swali langu ni la dishi, si la biashara.

Nimepata ukumbi nyuma ya maegesho ya malori, kodi nimeshalipa. Madereva wanaosubiri karatasi za forodha wanashinda pale wanacheza karata, hawana pa kutazama mpira. Na AFCON ya 2027 inakuja hapa hapa kwetu, Uganda, Kenya na Tanzania. Mtu mwenye akili anaanza sasa. Dikoda pia ninayo, nimeuziwa na jamaa wa upande wa pili, mkono wa pili, ya matumizi ya nyumbani. Bei ilikuwa nzuri. Naomba tusianze mambo ya sheria, hapa kila mtu anafanya hivyo.

Wakili wa Kijiwe:
Tuanze nayo basi. Kifurushi cha nyumbani ni cha familia yako kukaa kwenye kochi. Ukitoza kiingilio ni maonyesho ya biashara, na Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inayogusa hayo. Kwa baa na kumbi kuna vifurushi vyake, ghali zaidi. Halafu haki za mpira huuzwa nchi kwa nchi, dikoda iliyosajiliwa Tanzania imelipiwa kwa watazamaji wa Tanzania. Siku ikizimwa dakika ya sabini, penalti inapigwa, wewe una madereva hamsini gizani na kila mmoja ana spana kwenye gari. Utawaeleza nini?

MpyaMpakani:
Mzee, mpaka wenyewe ni hatua chache. Mawimbi hayaulizi pasipoti.

Mkongwe wa Nansana:
Mimi nilikulia kwenye vibanda. Filamu ya Kichina, VJ, yule msimulizi wa filamu, anatafsiri kwa Kiganda na kuongeza matusi ambayo hayakuwemo, na mwenye kibanda anapita na fimbo kutafuta walioingia bure. Ila nikuambie kitu cha maana. Tarehe 11 Julai 2010, fainali ya Kombe la Dunia, mimi nilikuwa kibandani. Habari za mabomu ya Kabalagala na Kyadondo zikatufikia mpira bado unaendelea. Mlango ulikuwa mmoja. Namna tulivyokanyagana kutoka pale, sitaki kukumbuka. Usiku ule Kampala ilipoteza watu zaidi ya 70. Kwa hiyo kabla ya dishi, toboa mlango wa pili na weka mtu wa kukagua mifuko.

Mama Shamim:
Na watoto wa shule wasiingie.

Sikio la Kufa:
Jamani, mnapoteza muda. Hii ni chai, tena ya maziwa. Huyu MpyaMpakani nimefukua nyuzi zake: mwaka huu huu alikuwa anaomba ushauri wa kupata mchumba. Leo ana mke wa tamthilia, ukumbi, projekta na malori! Huyu ni muuza madishi. Ngojeni, sasa hivi atatokea "shahidi" na namba ya simu.

Omwana wa Kyotera:
Nimeleta maandazi.

MpyaMpakani:
Ule uzi wa mchumba ulifanikiwa. Ndiye huyo huyo mke. Watu wengine wakipewa ushauri wanaufanyia kazi.

Sikio la Kufa:
Weka picha.

MpyaMpakani:
Ya mke siweki. Dishi hilo hapo, na skrini ya dikoda. Aliyelifunga aliniambia ni mawingu.
[picha mbili]

FundiDishi:
Chai au si chai, hili dishi ni la kweli, na nimeona shida.

Angalia lilivyolala, karibu linatazama utosini, limeinama kidogo tu mashariki. Hilo lilifungwa kwa setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ya DStv. Sisi wa karibu na ikweta ile iko juu ya vichwa vyetu. Lakini dikoda yako ni ya Azam, na setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, yaani magharibi yetu sisi. Dishi lazima ligeuke magharibi na lishuke chini. Ndiyo maana skrini yako inaandika hakuna mawimbi. Aliyekuambia ni mawingu alikuwa anataka kuondoka na hela yake. Mawingu yana kazi yao, mvua kubwa ya huku itakukatia picha dakika kadhaa hata dishi likikaa sawa, lakini kwako hakujawahi kuwa na picha ya kukatika.

Na hata ukiligeuza, waulize madereva wanataka nini. Wa Dar watataka Ligi Kuu Bara, hiyo iko Azam. Wa Mombasa na wa kwetu watataka Arsenal, na Ligi ya Uingereza iko SuperSport, chaneli za DStv. Dikoda moja haitawatosha wote. Usinunue kitu kingine chochote kabla hujakaa nao siku ya mechi.

Wakili wa Kijiwe:
Na chukua kifurushi cha biashara.

MpyaMpakani:
Asante sana fundi, umenifungua macho. Sasa swali la mwisho: kiingilio niweke mia tano au elfu moja?

Omwana wa Kyotera:
Elfu moja kuangalia "hakuna mawimbi"?