Kuanza, benchi au kuwa msaidizi wa kocha? Miaka 36, goti la kulia, ligi mwezi ujao

Namba8_Mwanjelwa:
Wakuu, habari za jioni. Ugonile kwa wana Mbeya, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Nacheza kikapu kwenye timu yetu ya mtaa tangu 2011 na mwaka huu nimetimiza miaka 36. Februari nilirukia ribaundi, nikatua juu ya mguu wa mtu, goti la kulia likapinda na gegedu likachanika. Sikupasuliwa. Niliambiwa nipumzike, kisha nifanye mazoezi ya kuimarisha paja. Tangu Agosti nakimbia, na ligi ya mkoa inaanza mwezi ujao.

Kocha wetu mpya ni kijana. Mimi ndiye niliyemfundisha kudribo akiwa darasa la saba. Jumanne baada ya mazoezi alinivuta pembeni, akaniambia, "Kaka, chagua mwenyewe. Utakachosema ndicho nitakachowaambia wenzako." Nianze kama zamani, au niingie kutoka benchi, au nikae naye kama msaidizi. Ameniheshimu sana, na ndiyo maana usingizi umenikimbia.

Ninachokiogopa ni huu mwezi wa maandalizi wenyewe. Mimi ni wa kuamka saa nane na nusu usiku kuangalia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na kila Oktoba nasikia habari zilezile: huyu kapunguza kilo, yule kajenga misuli, mzee fulani mwili wake haujawahi kuwa mwepesi hivi. Mechi zenyewe hazihesabiwi, kocha anampa dakika chache, mpira unaingia, basi mashabiki tunaona kombe hilo. Na mimi nimeingia mlemle. Alhamisi nilitupia pointi tatu mara nne mfululizo, vijana wakapiga kelele, nikarudi nyumbani najiona wa 2015. Kesho yake asubuhi nimeshuka ngazi za nyumbani, ziko tisa, nimeshika ukuta.

Nilinganishieni hizi njia tatu. Msinionee haya.

Mzee_wa_Kihesa:
Kamwene mdogo wangu. Mimi nakupeleka benchi bila kusita.

Andre Iguodala alianza mechi zote 758 za msimu wa kawaida katika misimu yake kumi ya kwanza. Mwaka 2014 timu yake, Golden State, wakamleta Steve Kerr, mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu popote, naye akamwomba akae benchi ili kijana Harrison Barnes aanze. Iguodala akakubali. Msimu mzima wa kawaida hakuanza hata mechi moja. Fainali ya 2015 wako nyuma 2-1 mbele ya Cleveland, Kerr akamwanzisha mechi ya nne, wakashinda tatu mfululizo, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwake akiwa na miaka 31. Tazama hapo: kocha mgeni, mkongwe mwenye jina, na kijana aliyeachiwa nafasi. Si ndiyo hali yako?

Manu Ginobili naye alikuwa na uwezo wa kuanza timu yoyote ile. San Antonio walimtaka aingie wakati wapinzani wanapumua, akaingia, na mwaka 2008 akawa mchezaji bora wa akiba wa ligi. Alistaafu na makombe manne, miaka 41.

Aliyekataa mapema ni Carmelo Anthony. Alipofika Oklahoma City mwaka 2017 akaulizwa kuhusu benchi, akacheka. Msimu uliofuata akacheza mechi 10 tu Houston, halafu akakaa karibu mwaka mzima bila timu mpaka Portland walipomwita Novemba 2019. Mwishoni aliingia kutoka benchi hukohuko alikokukataa. Nampenda sana Melo, na ule mwaka aliokaa nyumbani unaniuma mpaka leo.

Mtupaji_Soweto:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo tunapishana. Ng'ombe hazeeki maini.

Tim Duncan alibeba kombe la 2014 akiwa na miaka 38, na alikuwa anaanza. Tofauti ni dakika: mechi ya NBA ni dakika 48, yeye alikuwa anacheza kama 29 hivi. Kocha wake Gregg Popovich alikuwa radhi hata kulipishwa kwa ajili ya miguu ya wazee wake. Novemba 2012 aliwarudisha nyumbani Duncan, Ginobili, Tony Parker na Danny Green kabla ya mechi ya Miami, ligi ikawatoza klabu dola 250,000.

Kwa hiyo kuanza si kosa. Anayeanza amepasha mwili na wenzake, jasho limemtoka, anaingia moja kwa moja. Anayekaa benchi dakika kumi na mbili halafu anaitwa ghafla, huyo ndiye namhurumia. Namba 8, umewahi kukaa kwenye lile benchi la zege saa kumi na mbili jioni upepo ukishuka kutoka mlima Loleza?

Muuguzi_Uyole:
Mtupaji amesema jambo ambalo nilitaka kulianza mimi.

Kaka yangu Namba 8, goti lako siwezi kuliona kupitia simu, na hapa hakuna wa kukuandikia dawa. Ila nina maswali, naomba ujibu kwa kupima, usijibu kwa kukisia.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Kaa chini, nyoosha mguu, pima sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti, weka alama kwa kalamu, zungusha utepe. Fanya miguu yote miwili. Paja la upande ulioumia huwa linasinyaa, na watu hurudi uwanjani maumivu yameisha huku msuli bado haujarudi. Msuli huo ndio unaopokea uzito unapotua. Ukiwa dhaifu, goti linabeba lenyewe.

Kisha simama kwenye ngazi moja kwa mguu wa kulia, shusha kisigino cha kushoto taratibu mpaka kiguse chini, rudi juu. Mara kumi, bila kushika kitu, mtu akutazame kwa mbele. Goti likiingia ndani au likitetemeka, bado.

La tatu ni uvimbe. Usiangalie jioni ya mchezo, angalia kesho yake. Goti lililojaa siku ya pili linakuambia umezidisha, hata kama uwanjani hukusikia kitu.

Sasa habari ya benchi. Watu wanaona benchi ni kupumzisha goti. Kwa mwili wa miaka 36, kukaa umekunja goti robo saa nzima na baridi yetu hii, halafu unyanyuke ukimbie kwa kasi ya vijana waliokwisha pata moto, hiyo si pumziko. Ukiangalia NBA utaona wakongwe wanaendesha baiskeli ya mazoezi pembeni, au wamelala chali sakafuni wananyoosha mgongo. Wanatunza joto. Wewe pale kwenu una nini? Una ukuta na suruali ya mazoezi.

Mtu_wa_Makambako:
Wakuu, mimi nirudi kwenye huo mwezi wa matumaini, maana ndio unaonitia wasiwasi.

Nani amesahau Oktoba 2009? Hasheem Thabeet wetu, kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, alikuwa amechaguliwa wa pili na Memphis, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Mimi nilikuwa sekondari, tulikata picha yake gazetini tukaibandika bwenini. Kila mtu alikuwa na hesabu zake za pointi na mipira atakayozuia. Februari 2010 akapelekwa ligi ya chini. Simlaumu hata kidogo, mtu kutoka Dar es Salaam kufika pale ni jambo kubwa sana. Nasema tu Oktoba yetu ilikuwa nzito kuliko mabega ya kijana yule.

Na aliyechaguliwa wa kwanza mwaka ule, Blake Griffin? Mechi ya mwisho kabisa ya maandalizi, ile isiyohesabiwa, alitua baada ya dunki, kifuniko cha goti la kushoto kikavunjika. Msimu mzima akaukosa. Aliporudi 2010 alicheza mechi zote 82 na akawa mchezaji chipukizi bora. Aliupoteza mwaka kwa sababu ya mechi ambayo leo matokeo yake hakuna anayeyakumbuka, lakini kusubiri kwake kulimlipa.

Derrick Rose alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2011 akiwa na miaka 22, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo. Goti likachanika Aprili 2012, akakosa msimu wote uliofuata, akarudi, Novemba 2013 goti la pili likaenda. Alipofunga pointi 50 akiwa na Minnesota Oktoba 2018 alilia uwanjani, na mimi nililia sebuleni, watoto wakaamka.

Kitu kingine. Unacheza Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Denver, ambako wageni wa NBA hulalamikia pumzi, ni mita 1,609. Miezi sita ukikaa bila kukimbia, pumzi ya huku hairudi kwa wiki tatu. Mchezaji aliyechoka ndiye anayetua vibaya.

Mwalimu_Njombe:
Njia ya tatu hamjaigusa, ngoja niisemee. Mimi niliiacha jezi nikiwa na miaka 33 nikawa msaidizi. Udonis Haslem alikaa Miami misimu 20, na ile ya mwisho karibu hakucheza kabisa, lakini alibaki na jezi mwilini mpaka alipoondoka 2023 akikaribia miaka 43. Nimewaza sana kwa nini hakukubali kuvaa suti mapema. Nadhani kijana hamsikilizi kwa namna ileile mtu ambaye hatakimbia naye kesho. Mimi nilipoanza kushika ubao, wenzangu waliacha kunitania. Waliniita mwalimu hata kwenye bajaji.

Kama bado unaweza kukimbia, baki na jezi.

Gadi_Chipukizi:
Shikamoo kaka Namba 8. Nimeujua uzi huu ni wako kwa zile ngazi tisa, nimeshazipanda kuja kuchukua mipira.

Ni mimi niliyecheza nafasi yako tangu Februari. Kocha hakutuambia kama amekupa uchaguzi. Naomba niseme jambo moja bila kukukosea adabu: sikuhitaji ukiwa umekaa. Tulipocheza na Kyela mwezi wa sita nilinyang'anywa mpira mara tano na yule gadi wao anayebana. Ukiwepo uwanjani unaniita "kushoto" kabla sijamwona. Sauti hiyo ikitoka benchi siisikii, watu wanapiga kelele.

Na Kyela kila mara wanakata pumzi robo ya tatu wakipanda huku. Wametoka ziwani, joto, chini kabisa. Robo ya tatu ndiyo tunawapita.

Muuguzi_Uyole:
Mdogo wangu umeniletea jibu. Kati ya robo ya pili na ya tatu kuna mapumziko marefu. Wenzake wakiwa wanasikiliza kocha, yeye anaweza kukimbia pembeni, kuruka, kunyoosha, akaingia robo ya tatu akiwa na jasho. Acheze dakika sita au saba, atoke, avae suruali, na asirudi tena siku hiyo hata mechi ikiwa sare. Hapo hajaanza, hajakaa baridi, na jezi anayo.

Mtupaji_Soweto:
Hata mechi ikiwa sare? Dada, huo ni mtihani. Lakini naunga mkono hoja.

Mzee_wa_Kihesa:
Naikubali, kwa sharti moja: kocha awe na uwezo wa kumkatalia. Klay Thompson alichanika goti Juni 2019, kisha kano ya kisigino Novemba 2020, akakaa siku 941 bila kucheza. Februari 2024 Kerr alipomtoa kikosi cha kwanza, usiku huohuo aliingia kutoka benchi akawafunga Utah pointi 35. Ilihitaji kocha wa kumwambia nyota wake "leo unakaa", na nyota wa kuumia halafu akacheza. Kijana uliyemfundisha kudribo ataweza kukuambia toka? Umwambie mbele ya timu nzima kwamba ana ruhusa.

Namba8_Mwanjelwa:
Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Dogo, marahaba. Hujanikosea chochote.

Nimepima. Paja la kushoto sentimita 54, la kulia 51 na nusu. Nilidhani yanalingana, jicho lilinidanganya. Zoezi la ngazi nilifika saba, ya nane goti likaingia ndani. Mke wangu ndiye aliyekuwa anatazama, na hakunipa hata nafasi ya kubisha.

Kwa hiyo mechi mbili za kwanza za ligi sichezi. Nimemwambia kocha jana mbele ya wote, na nikamwambia pia akiniona nanyanyuka bila kuitwa anikalishe. Alitazama chini, akasema, "Sawa kaka." Mechi ya tatu ni ya Kyela, nyumbani. Nikifika kumi kwenye ngazi na paja likiongezeka, naingia robo ya tatu, dakika sita.

Jumamosi tulijaribu kwenye mechi ya kirafiki na wanafunzi wa chuo, dakika nne tu, za kutembea zaidi ya kukimbia. Mapumziko nilikuwa naruka peke yangu nyuma ya goli, watoto wa mtaani wakaja wakaruka na mimi. Niliingia na jasho. Sikufunga. Niliita "kushoto" mara mbili, na mara zote mbili dogo aliugeuza mpira bila kuangalia. Dakika ya nne kocha akainua mkono, nikatoka, nikavaa suruali.

Leo Jumapili asubuhi nimeshuka ngazi zote tisa mikono iko mfukoni.

Muuguzi_Uyole:
Vizuri. Na uvimbe? Pima tena jioni, zungusha utepe katikati ya kifuniko, uniandikie namba zote mbili hapa.