Kisumu na gari la kulala: tupige kambi ufukweni au tukae upande wa mjini?

MamaTatu_Nakuru

Hamjambo wenzangu. Nawaandikia kutoka Nakuru. Tuna HiAce ya zamani ambayo mume wangu ameigeuza nyumba: kitanda cha mbao nyuma, meko ya gesi ya mtungi wa kilo 6, sinki yenye pampu ndogo, sola mbili juu ya paa na betri moja kubwa chini ya kiti. Paa tumeliinua, mtu mzima anasimama. Tumelala nayo Naivasha na ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru kule Makalia, na watoto wameizoea kabisa.

Shule zikifungwa Aprili tunataka kuteremka Kisumu kwa siku chache. Safari hii hatufuati wanyama wala misitu, tunafuata jiji lenyewe. Tutembee makumbusho, twende soko la Kibuye, tule samaki ufukwe wa Dunga, watoto wapande mashua, halafu tuwasalimu shemeji zangu wanaoishi Kondele.

Tunakokwama ni pa kulala. Mume wangu anataka ufukweni kabisa, mlango ukifunguliwa asubuhi maji yawe mbele yetu. Mimi naona tukae karibu na mjini ili tusishinde barabarani. Nimewapigia simu wenyeji kadhaa wenye viwanja vya kambi na kila mmoja ananijibu, "Njooni tu, nafasi ipo." Hiyo nafasi sina shaka nayo. Ninachotaka kujua ni niwaulize nini zaidi kabla sijatuma pesa. Watoto wangu ni watatu, na kitinda mimba ana miaka mitatu.

FundiKibuye

Dada, karibu sana Kisumu. Mimi ni fundi wa magari hapa hapa. Masika yakishika, huwa naitwa kuvuta magari ya wageni yaliyozama kwenye viwanja vya kambi, kwa hiyo niruhusu nianze na ardhi. Hilo ndilo swali la kwanza: gari litasimama juu ya nini?

Sehemu za chini za Kisumu, kuanzia Nyalenda na Dunga hadi uwanda wa Kano, zina udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukinyeshewa kidogo tu unageuka gundi. Na Aprili mvua yetu hupenda kupiga alasiri au usiku, kwa radi, kwa hiyo mnaweza kulala pakavu mkaamkia tope. HiAce yenye kitanda, tangi la maji, gesi na familia nzima ni nzito. Tairi la nyuma likizunguka mara mbili tatu pale pale, gari linakalia tumbo. Hapo mnaanza kutafuta trekta, na mwenye trekta anajua hamna pengine pa kwenda.

Usikubali picha. Picha hupigwa Januari nyasi zikiwa kijani na jua linawaka. Mwambie mwenyeji atembee na simu kuanzia getini mpaka pale gari litakaposimama, akurekodie video, na afanye hivyo siku iliyofuata mvua. Ukiona maram (changarawe nyekundu) iliyoshindiliwa, kokoto au kabro (matofali ya saruji ya kutandika chini), hapo ni pazuri. Ukiona alama za matairi zimejaa maji, mshukuru na utafute kwingine. Mkifika pia, kabla hamjashusha kitu, mwaga kopo la maji chini. Yakizama taratibu, sawa. Yakibaki juu yanang'aa, hapo msilale.

Swali la pili ni la jioni. Gari la kulala likishapiga kambi halitoki tena kila saa. Kila mkitoka itabidi mkunje kitanda, mfunge gesi, mfunge vyombo visimwagike, na mkirudi mmepoteza ile sehemu tambarare mliyoitafuta kwa taabu. Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika hadi barabarani, HiAce yenye paa refu utaiweka wapi? Iacheni kambini, mpande tuktuk. Kwa hiyo usimuulize mwenyeji ni kilomita ngapi hadi mjini. Muulize, "Saa mbili usiku nikiwa na watoto, tuktuk inanifikisha mpaka getini, au inaniacha barabara kuu?" Giza letu huingia karibu saa moja, mwaka mzima. Kutembea kwenye kijia kisicho na taa ukiwa umembeba mtoto aliyelala ni jambo ambalo halina haja kutokea.

Kuhusu stima, usiridhike na "soketi ipo". Iko wapi, na umbali gani? Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, yaani kama wati 3,000 kwa stima yetu ya volti 240. Birika la stima peke yake linakula wati 2,000 na zaidi. Ukichaji betri na kuchemsha chai kwa waya huo mmoja mwembamba wa ekstensheni, waya unapata moto. Na kama waya umezungushwa kwenye kibiringi chake, ufungue wote mpaka mwisho hata kama soketi iko karibu, maana ukiwa umejikunja joto halina pa kutokea. Nimekuta kibiringi kimeyeyuka kikawa donge moja la plastiki, na watu walikuwa wamelala ndani ya gari.

Sasa nije kwa bwana na ufukwe wake. Namuelewa, ziwa hili ni letu na tunalipenda. Lakini viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, na nyasi za kambi ni nyasi kama nyingine. Kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, hasubiri. Mtoto wa miaka mitatu anayeamka saa nane anataka choo, na choo kiko hatua hamsini gizani, hapo mimi nasema hapana. Ufukweni nendeni mchana, mle samaki, mpande mashua, mlione jua likizama, halafu mrudi mlipolala.

Msafiri_Eldoret

Nakubaliana na Fundi kuhusu udongo, ila kuhusu ufukwe nitamtetea bwana kidogo. Asubuhi wavuvi wanaporudi na wanunuzi wakiwa wamejipanga na mabeseni yao, hakuna tuktuk itakayokufikisha mapema kiasi cha kuyaona yote. Ukilala hapo unayaona. Kama kambi ina ukuta au uzio mzima kati ya magari na maji, ina askari wa usiku aliye macho na choo kiko karibu na gari, mimi nalala bila wasiwasi. Uzio ukaguliwe kwa macho, maana wengine wana uzio upande wa barabara tu, upande wa ziwa uko wazi.

Lakini kuna upande wa tatu ambao hamjautaja: Riat, ule mlima wa kuelekea Kakamega. Kule juu ardhi ni ya mawe, upepo unapita, na ziwa lote mnaliona chini yenu. Gari lililofungwa lenye watu watano ndani hupata joto vibaya Kisumu, ninyi wa Nakuru mmezoea baridi. Ubaya wake ni mteremko. Kuteremka mjini na kupanda tena usiku kunagharimu zaidi, na kupata sehemu tambarare si rahisi. Bebeni vipande vya mbao vya kuweka chini ya matairi. Mkitaka kujua kama gari limekaa sawa, wekeni sufuria yenye maji sakafuni, mtaona maji yanaelekea wapi. Vichwa vilale upande wa juu.

Nesi_Ahero

Mama Tatu, haya yote ni mazuri ila naomba unisikilize kwa habari ya watoto. Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima, na Aprili mvua zikishika inazidi. Watoto waliokulia Nakuru hawana ile kinga kidogo ambayo watoto wa huku huwa wameijenga, kwa hiyo ikiwapata huwapiga vikali na haraka. Mwone daktari au mfamasia kabla ya safari, mwulize kuhusu dawa ya kinga na umtajie umri wa kila mmoja. Usiache hadi siku ya kuondoka.

Gari lenyewe nalo lifunikwe. Katika magari ya kutengenezewa nyumbani nimeona madirisha yenye wavu mzuri, halafu tundu la bomba la sinki au la waya wa sola limeachwa wazi. Mbu wanapitia hapo. Pitisha kiganja kila pembe usiku taa ikiwa imewaka nje, ukiona mwanga unapenya, ziba. Juu ya kitanda tundika chandarua chenye dawa hata kama madirisha yana wavu.

Na mkisharudi nyumbani msisahau. Homa ya malaria huanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa, wakati huo mmeshakuwa Nakuru na mnadhani ni mafua. Mtoto akipata joto, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari mlilala Kisumu.

Jambo jingine: msiwaache wachezee maji ya kando ya ziwa, pale penye matete na konokono. Kichocho kinaingia kwa ngozi, hakihitaji mtoto ameze maji. Kwenye mashua hakuna neno, wavae tu majaketi ya kuokoa maisha. Maji ya kunywa yachemsheni, hata yale mtakayojaziwa kwenye tangi kwa mpira wa bustani.

MamaTatu_Nakuru

Asanteni mno, kwa kweli mmenifungua macho. Nimepiga simu tena nikiwa na maswali ya Fundi. Mmoja alikasirika niliposema video, akaniuliza kama simwamini. Mwingine, upande wa Milimani ya Kisumu, alitoka akatembea na simu kwenye mvua ikinyesha: kabro kutoka getini hadi ukutani, choo mlangoni, na tuktuk mbili zimeegeshwa nje. Mume wangu aliitazama video hiyo akanyamaza, baadaye akasema sawa, ila siku moja tuamke alfajiri twende Dunga kuwaona wavuvi.

Nimebaki na mawili. Tuna choo kidogo cha kubeba chenye dawa ya buluu, uchafu wake tuumwage wapi? Na barabara ya Kericho, tuondoke saa ngapi?

FundiKibuye

Huyo aliyetembea kwenye mvua mlipe leo.

Choo mwageni kwenye choo cha kambi tu, si kwenye mtaro, maana mitaro yetu inaishia ziwani. Lakini muulize kwanza kama wana shimo lao la maji taka, na umtajie aina ya dawa. Baadhi ya dawa hizo huua vijidudu vinavyoozesha uchafu ndani ya shimo, na wenyeji wengine hawazitaki. Maji ya kuoshea vyombo yakusanyeni kwenye ndoo, msiache bomba likitiririka kwenye kabro ya watu.

Ondokeni Nakuru asubuhi, mvuke Kericho kabla ya saa sita. Mvua ya mawe kule si kitu cha ajabu, na sola zenu ziko paani. Mkianza kuteremka kuja Ahero tumieni gia ndogo, msikalie breki. HiAce yenye mzigo ikishuka na breki pekee, mtaanza kusikia harufu kabla hamjafika chini. Mkiwa kambini saa tisa mtaikagua sehemu yenu kukiwa bado mchana.

Na kabla ya yote, pimeni urefu wa gari kuanzia chini mpaka juu ya sola, si mpaka paani. Namba hiyo iandikeni kwenye karatasi muibandike mbele ya dereva, halafu mwenyeji apime geti lake kwa futi na akutumie jibu. Mageti mengi ya Milimani yana boriti juu.