Mnaotuambia "jiajirini", njooni getini alfajiri muone

Wakuu, leo nina hasira, asiyetaka kelele apite uzi mwingine.

Niliingia kidato cha kwanza 2016, mwaka uleule ada ilipofutwa. Darasa lilijaa mpaka madawati yakagoma. 2019 nikamaliza, nikatoka na division four. Sikulia. Nikajiambia kibarua hakiulizi cheti.

Kumbe na kibarua kina wenyewe. Natoka Gongo la Mboto saa kumi alfajiri nikajipange kwenye geti la kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere, jina nalihifadhi. Tunafika kama mia mbili hivi. Saa moja nyapara anatoka, anatukagua kama mnunuzi wa mbuzi kwenye mnada wa Pugu: wewe, wewe, na wewe mwenye kofia. Wanaingia thelathini, geti linafungwa. Siku ikiwa yangu nabeba magunia mpaka jioni kwa elfu nane, na nyapara anachomoa buku mbili yake palepale, mchana kweupe. Ukilalamika, kesho hakuoni hata ukisimama puani kwake. Toa nauli, toa wali maharage, nafika nyumbani na buku tatu. Nisipochaguliwa narudi na hasara ya nauli, na mama yuko mlangoni: "Leo wamekuchukua?" Gunia lina nafuu.

Halafu mtu ana mshahara wake, ana kiyoyozi, anaandika humu kwamba vijana wanachagua kazi. Nachagua? Mimi ndiye ninayechaguliwa!

Na msiniletee habari za mkopo wa halmashauri. Naijua ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne za vijana. Tulikuwa watano, tukaunda kikundi cha kufuga kuku, tukaandika katiba (ndiyo, kuku wana katiba), tukachangishana, tukafungua akaunti. Ofisini njoo kesho, njoo Jumatatu, afisa yuko semina. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Iliporudishwa 2024 kikundi kilishabaki muhuri tu: mmoja kakimbilia migodini Mererani, mwingine anaendesha boda ya mtu kwa hesabu, wawili hata simu hawapatikani. Naambiwa nianze upya, niwe na watu watano. Niwatoe wapi, niwazae?

Wenye digrii nao siwaonei wivu. 2014 watu zaidi ya elfu kumi walijazwa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Nilikuwa darasa la sita, nikaona zile picha nikacheka sana. Sasa hivi kwenye foleni yetu kuna jamaa ana digrii ya ualimu, tunamwita Tichaa, na nyapara hamchukui kwa sababu eti mikono yake laini.

Mwenye kujua geti ambalo nyapara hakati anielekeze hapa chini. Hata kama ni Kibaha au Mkuranga. Kuamka mapema nishazoea.