Naomba mwongozo: wapi tupate ufadhili wa kuokoa kanda za zamani za taarabu (Tanga)

BintiChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na wafadhili wa sanaa na urithi.

Hapa Tanga kulikuwa na kikundi cha taarabu kilichotumbuiza tangu kabla ya Uhuru mpaka miaka ya themanini. Waliobaki ni wazee sana, na sisi wajukuu ndio tumekabidhiwa vitu vyao: makasha ya kanda (kaseti, na zile kubwa za kuzungushwa kwenye magurudumu mawili, jumla zinapita mia mbili), madaftari ya mashairi, mengine kwa hati ya Kiarabu, picha, na ganuni moja (ala ya nyuzi nyingi ya kulazwa) iliyokatika nyuzi. Kanda kadhaa zimeshaota ukungu. Chumba kiko karibu na bahari, na hewa ya huku mnaijua.

Tunataka kuziingiza kwenye kompyuta, kuwahoji wazee kabla hawajaondoka, kufufua kikundi, na Mungu akijalia tufungue makumbusho ndogo. Tuliandika andiko tukalipeleka ofisi moja ya wafadhili. Jibu lao: "Hatufadhili burudani." Basi, hakuna maelezo zaidi.

Sasa kuna jamaa anasema atatuandikia andiko jipya kwa laki tano, na ana mtu wake ndani kwa mfadhili. Tumpe? Au kuna njia nyingine? Nawasilisha.

Mzee_Kijana

Laki tano mpelekee fundi wa ganuni. Huyo mwenye mtu wake ndani ni tapeli, funga mjadala.

KalamuNyekundu

Dada, Mzee_Kijana kamaliza hilo la laki tano. Nimewahi kukaa upande wa wanaosoma maandiko, nakuhakikishia hakuna mfadhili wa maana anayetoza ada ya kuomba, na "mtu wa ndani" akijulikana, ombi lako ndilo linalotupwa kwanza.

Nije kwenye jibu mlilopewa. Limeniudhi kama lilivyokuudhi, lakini nahisi najua lilikotoka. Mmeweka miradi minne kwenye andiko moja: kuhifadhi kanda, kuhoji wazee, kufufua kikundi, kujenga makumbusho. Msomaji ana maandiko mengi mezani, akikuta maonyesho na sare za kikundi kwenye bajeti anakuweka fungu la burudani na kwenda kwa mwingine. Kila moja ya hayo manne ina mfuko wake tofauti. Mlichonacho sasa hivi, chenye haraka na kisichoweza kurudi kikipotea, ni kanda. Kwa lugha ya wafadhili hiyo ni nyaraka iliyo hatarini, na iko mifuko ya kazi hiyo hiyo.

Anzeni na Modern Endangered Archives Program, unaoendeshwa na maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Marekani, kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Wanashughulika na vitu vya karne ya 20 na 21: sauti, picha, magazeti, filamu. Ruzuku ya maandalizi imekuwa ikifika dola 15,000 na ya mradi kamili dola 50,000. Unapeleka ombi fupi la awali, likipita ndipo wanakuita uandike refu. Masharti mawili yajue mapema. Kanda zenyewe haziondoki nchini, hilo ni zuri kwenu. Na nakala za kidijitali zinatakiwa ziwekwe wazi mtandaoni kwa kila mtu, hilo wazee wanapaswa kulikubali kwa hiari yao kabla hujaandika mstari mmoja.

Msichanganye na Endangered Archives Programme ya British Library. Hao wameanza 2004 na wanataka vitu vya zamani zaidi. Kaseti za 1978 hazitawahusu.

Sasa ya hapa nyumbani. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, ila kwa wasanii unatoa mikopo nafuu kupitia benki. Mkopo unarejeshwa, na kanda za babu hazizalishi marejesho. Vivyo hivyo ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu): haina riba, lakini ni mkopo. Mkitaka kufufua kikundi kipige harusini, hapo sawa, kuna hela inayoingia. Kwa uhifadhi, hapana.

UNESCO wana mifuko miwili ambayo watu huichanganya kila mwaka. Ule wa mkataba wa 2005 unaangalia sera na biashara ya sanaa, ukipeleka uhifadhi wa kanda utarudishwa. Ule wa mkataba wa 2003 ndio wa urithi usioshikika (nyimbo, ngoma, mila), na Tanzania iliridhia mwaka 2011. Kwa huo anayeomba ni nchi, kikundi hakiombi moja kwa moja. Maana yake mnapitia wizarani, na subira muwe nayo. Maombi yasiyozidi dola 100,000 hayahitaji kungoja mkutano mkubwa wa kila mwaka, yanaamuliwa na jopo dogo la viongozi wa kamati ya mkataba huo. Jirani zetu wa Busoga, Uganda, walipata chini ya dola 25,000 kwa njia hiyo kwa ajili ya bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu ulioingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Sehemu ya kazi ilikuwa kupanda vibuyu vyenyewe, maana mbegu zilikuwa zinapotea! Ndivyo andiko zuri lilivyo: linajua tatizo linaanzia wapi, hata kama linaanzia shambani.

FundiMawimbi

Mimi siyajui madona, najua mashine. Dada, wakati mnatafuta hela kuna mambo ya kufanya wiki hii, hayana gharama.

Kanda yenye ukungu usiicheze. Kabisa. Ukungu unahamia kwenye vichwa vya mashine na unaambukiza kanda inayofuata. Zitenge kwenye sanduku lake, mahali pakavu. Kaseti nzima vunja vile vimeno viwili vya mgongoni, isije mtoto akabonyeza kitufe chekundu akarekodi singeli juu ya bibi yake. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze kwa mafungu, na ziwe mbali na spika kubwa, kwa sababu ya sumaku.

Kisha orodha. Kila kanda ipe namba, andika kilichoandikwa juu yake hata kama hakisomeki vizuri, piga picha mbele na nyuma. Mtakapoandika andiko, "kanda nyingi za zamani" na "kaseti 164, kanda kubwa 52, kati yake 19 zina ukungu" ni vitu viwili tofauti (namba nimezibuni, za kwenu mtazihesabu wenyewe).

Jambo la mwisho, mkipata hela msirekodi kwa MP3. Uhifadhi wa sauti ni WAV, biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. Faili ni kubwa, kwa hiyo diski zenyewe ziwe kwenye bajeti, seti mbili, na kila seti nyumba yake. Nimeona watu wananunua kamera ya mamilioni halafu kazi yote inakaa kwenye flashi moja.

Mswahili_wa_Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Hiyo Endangered Archives ya British Library aliyoitaja ndugu ndiyo iliyogharamia kupigwa picha miswada (maandishi ya mkono) ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Mkiingia mtandaoni leo mnaisoma, na miswada yenyewe iko Lamu kwa wenyewe. Waonyesheni wazee wenu mfano huo, watatulia. Hofu yao kubwa, nawajua wazee wa pwani, ni mzungu kuondoka na kasha.

Na yale madaftari ya hati ya Kiarabu msiyaache nyuma ya kanda. Tazameni tarehe zake. Kama yapo ya kale kweli, huenda yakaingia mlango huo wa British Library peke yake, mkawa na maombi mawili.

Kwa upande wa kufufua kikundi, HEVA Fund ya Nairobi hushughulika na biashara za sanaa Afrika Mashariki, lakini watawauliza mtaingizaje pesa. Mjiandae kwa swali hilo.

Chapaa_Online

Mnazungushana tu. Fungueni chaneli YouTube, pakieni nyimbo, matangazo yatalipa. Taarabu ya zamani ina wasikilizaji Oman, Dubai, Comoro. Mfadhili wa nini?

Bi_Mwanakombo

Mwanangu Chapaa, nyimbo za nani unazotaka kupakia?

Nazungumza kutoka Unguja, nimeishi na mambo haya. Wimbo wa taarabu una watu wengi ndani yake. Kuna aliyetunga shairi, kuna aliyelitia muziki, kuna muimbaji, kuna wapigaji, na pengine redio ndiyo iliyorekodi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Bara ya 1999, haki ya mtunzi inaishi muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Mtunzi aliyefariki 1990 bado ana warithi wenye haki. Mkipakia bila ruhusa, siku pesa ikianza kuonekana ndipo ukoo utakapowatokea, na hapo mtagombana kwa jambo lililokuwa la heshima.

Binti Chumbageni, fanya hivi mwanangu. Kaeni na wazee na warithi, andikeni karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi: kanda ni za nani, nakala zitakaa wapi, nani anaruhusiwa kusikiliza, na ikitokea faida inagawanywa vipi. Kila mmoja atie saini, kila mmoja abaki na nakala. Ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki (huku kwetu ni COSOZA), kuhusu nyimbo zilizosajiliwa. Na wapo watakaosema wimbo fulani usitoke, labda ulikuwa kijembe kwa mtu ambaye wajukuu zake wako mtaa wa pili. Muheshimu. Uwekwe, usitolewe.

Chapaa_Online

Sawa Bi Mkubwa, hilo sikulifikiria. Narudi kwenye viti vya nyuma 😅

KalamuNyekundu

Bi Mwanakombo kasema jambo ambalo maandiko mengi yanaanguka nalo. Msomaji akiona karatasi za ridhaa zimeambatishwa anajua anashughulika na watu makini.

Naongeza la usajili, maana hakuna aliyeligusa. Kikundi mnaweza kukisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kama cha sanaa, lakini ruzuku za nje mara nyingi zinataka taasisi yenye katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu zinazokaguliwa. Kusajili NGO kwa sheria ya 2002 kunawezekana, ila ukishasajili kuna taarifa za kila mwaka na ada, hamtaki mzigo huo kwa mradi mmoja. Kwa hali yenu mimi ningetafuta taasisi ya kubeba ombi: idara ya chuo kikuu, makumbusho, au maktaba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana Idara ya Sanaa Bunifu, Bagamoyo wako TaSUBa, chuo cha sanaa. Wao wanapokea fedha, nyie mnafanya kazi na mnabaki wenye mali. Makubaliano yawe ya maandishi kabla ya fedha kuingia. Hapo nasisitiza, hata kama mhadhiri ni shemeji yako.

Na kama kuna fundi mzee anayejua kutengeneza au kukarabati ganuni na udi, mwandikie mradi wake pembeni. British Museum wana Endangered Material Knowledge Programme tangu 2018, inagharamia kurekodi ujuzi wa kutengeneza vitu kwa mikono. Ni milango michache inayompokea fundi kama fundi.

BintiChumbageni

Nimeishiwa maneno, asanteni sana. Jamaa wa laki tano nimemwambia tumeghairi, kanuna.

Kaka yangu na binamu wameanza orodha kwa daftari. Fundi wa udi yupo, Pangani, nitamfuata. Wazee tumewaita Ijumaa baada ya sala. Swali moja kwa Bi Mwanakombo: mmoja wa watunzi hakuacha watoto, na ndugu zake wanasemekana walihamia Mombasa zamani. Ridhaa yake nachukua kwa nani?

Bi_Mwanakombo

Usisaini wewe kwa niaba yake. Andika jina lake, nyimbo zake, na kwamba warithi wanatafutwa. Weka tangazo msikitini na redioni, hifadhi ushahidi wa kuwatafuta. Nyimbo zake ziingizeni kwenye kompyuta pamoja na nyingine ili zisioze, zikae ndani kwanza.

Mswahili_wa_Kibokoni

Jina la ukoo nitumie faragha. Taarabu ya Mombasa na Tanga ilikuwa ikivuka mpaka kila msimu wa harusi, na hapa Kibokoni kuna bibi mmoja anayewajua wote.