"Sorry" ni pole au samahani?

Wakuu naomba msaada, jana kazini mzungu mmoja kajikwaa kwenye ngazi chai yote ikamwagikia shati, mi nikamwambia "sorry" kama unavyompa mtu pole, akanitolea macho eti kwani wewe ndo umenisukuma? Nimekosea wapi?

mtoto_wa_pwani: Hujakosea sana ila umeipeleka pole yetu kwa kiingereza. Sisi tuna pole ya huruma na samahani ya kuomba radhi, wenzetu neno moja linabeba yote mawili, sasa ukilitamka peke yake mtu yuko chini anasikia kama unakiri kosa. Akikwambia kafiwa hapo sawa, "I'm sorry to hear that". Kwa kujikwaa we muulize tu "are you okay?". Na pole na kazi usijaribu kabisa, haina kiingereza chake 😂

dada_k: Afu Waingereza ukiwakanyaga wao ndo wanakwambia sorry lol. Na akisema "sorry?" sauti inapanda mwishoni hakuombi msamaha, hajakusikia, rudia

mzee_kamusi: Msimcheke jamaa, neno lenyewe limezaliwa na "sore", yaani kinachouma, watu wanadhani ni "sorrow" kumbe zile ni mizizi tofauti, yanafanana tu. Kwahiyo maumivu yalikuwepo toka mwanzo, kuomba radhi kumekuja baadae

Asanteni wakuu, ila nikimwona mtu kaanguka mdomo utawahi tu kusema sorry, nimeshazoea